"Sanduku la vita" la mgombea ni nini?

Katika habari za uchaguzi wa Marekani, msikilizaji husikia kwamba mgombea fulani ana mamilioni ya dola mkononi hata kabla kampeni hazijapamba moto. Wamarekani wenyewe huziita fedha hizo "sanduku la vita". Sisi huwa tunasema mfuko wa kampeni, ila tafadhali usidhani ni mfuko wa suruali yake.

Jina hilo lilitoka vitani kweli. Mfalme aliyetaka kupigana alipaswa kuwa na fedha tayari za kulipa askari na kununua silaha na chakula. Ziliwekwa kando sandukuni, zisichanganywe na matumizi mengine. Wanasiasa wakaliazima neno.

Leo sanduku hilo hulipia matangazo ya televisheni, safari na mishahara ya watu wa kampeni. Lina kazi nyingine ya kimyakimya: kutisha. Wapo wanaoghairi kugombea wakishaona tu kiasi alichonacho mpinzani.

Hata hivyo, fedha hizo si mali ya mgombea. Anayewania urais au kiti katika Bunge la Marekani, akishakusanya au kutumia zaidi ya dola 5,000, lazima awe na kamati iliyosajiliwa kwenye Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, yenye mweka hazina na akaunti ya benki. Mtu aliyemchangia zaidi ya dola 200 hutajwa kwa jina katika taarifa za kamati, na yeyote anaweza kuzisoma.

Mwaka 2013 Jesse Jackson Jr., aliyekuwa mbunge kutoka Illinois, alikiri mahakamani kwamba alitumia takriban dola 750,000 za kampeni kwa mambo yake binafsi. Saa moja tu ya Rolex ilikula dola 43,350. Watu walimchangia ashinde uchaguzi, yeye akajivisha mkononi. Alihukumiwa kifungo cha miezi 30.

Zikibaki baada ya kura, sheria inaruhusu zipewe chama au shirika la hisani, au zitunzwe kwa uchaguzi ujao. Hapo ndipo mbunge aliyezoea kushinda kirahisi anapopata nguvu: safari nyingine anaingia na sanduku lililokwisha kuwa zito, na anayetaka kumng'oa anaanza kuchangisha dola ya kwanza.