Jina la Mteremko Kwenye Chupa ya Barolo

Kusini mwa mji wa Alba, katika mkoa wa Piemonte kaskazini-magharibi mwa Italia, vimejipanga vilima vya Langhe, na huko kila mteremko una jina lake: Cannubi, Brunate, Rocche, Bussia, Vigna Rionda. Mvinyo mwekundu wa huko, Barolo, hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, nebbiolo. Familia nyingi, badala ya kuchanganya mavuno ya mashamba yao yote, hujaza chupa shamba kwa shamba na kuandika jina la shamba kwenye lebo. Mnunuzi naye hutozwa zaidi kwa ajili ya jina hilo, kwa hiyo ana haki ya kuuliza analipia nini. Naamini analipia kitu cha kweli. Ila kitu hicho hakilindwi na ramani ya serikali kama wengi wanavyodhani. Hulindwa na kazi ya ghalani, na kazi ya kizamani, ile ya polepole, ndiyo hukilinda vizuri zaidi.

Wapinzani wa kwanza ni wale wanaosema mizizi haiwezi kupandisha ladha ya jiwe hadi kwenye zabibu. Wako sahihi, na wauzaji wanaodai kwamba chokaa ya kilimani inaonjeka ndani ya glasi wanapotosha. Lakini udongo una kazi nyingine kubwa zaidi: ndio unaoamua mzabibu upate maji kiasi gani, na lini. Upande wa magharibi, La Morra na sehemu kubwa ya kijiji cha Barolo, udongo wa mfinyanzi wenye chokaa ni laini na una rutuba kiasi, na mvinyo wake hunukia mapema na kulainika mapema. Upande wa mashariki, hasa Serralunga d'Alba, matabaka ni ya kale zaidi, yana mchanga uliogandamana na rutuba haba, na mvinyo wake huwa na ukakasi mkali unaohitaji miaka mingi kutulia. Juu ya udongo kuna jua. Nebbiolo huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, mara nyingi Oktoba, wakati ukungu umeshaanza kushuka mabondeni. Kwa aliyezoea mizabibu ya Dodoma, inayovunwa mara mbili kwa mwaka, ni vigumu kupata picha ya hofu ya mkulima wa Langhe, ambaye ana nafasi moja tu kabla ya baridi kuingia. Ndiyo maana wazee wa huko walichagua sehemu za kupanda kwa kutazama theluji inayeyuka wapi kwanza. Zabibu za mteremko unaoelekea kusini huwahi kuiva kwa siku chache, na siku hizo hubadilisha sukari, asidi na ukakasi wake. Tofauti ya shamba na shamba inaanzia hapo.

Tofauti hiyo, hata hivyo, ni dhaifu na huzimika kwa urahisi, na hapa ndipo ghala linapoingia. Kwa desturi, maji ya nebbiolo huachwa pamoja na maganda yake kwa wiki tatu, nne, hata zaidi ya mwezi, kisha mvinyo hupelekwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni, mengi yakitokana na misitu ya Slavonia, yenye ujazo wa maelfu ya lita na yanayotumika kwa miongo. Sheria inadai angalau miezi 38 kabla ya kuuza, 18 kati yake ndani ya mbao; daraja la Riserva hudai 62. Pipa kubwa la zamani halina tena harufu ya kutoa. Hupitisha hewa kidogo kidogo, na mvinyo hukomaa bila kuongezewa kitu. Pipa dogo la lita 225, likiwa jipya, hali yake ni nyingine kabisa. Mvinyo kidogo hugusana na mbao nyingi, mbao zilizochomwa kwa ndani, na harufu ya vanila na moshi humwagika ndani yake. Katika miaka ya 1980 vijana wa Barolo waliyapenda mapipa hayo. Mmoja wao, Elio Altare, alikata mapipa makubwa ya baba yake kwa msumeno wa injini. Sababu zao zilikuwa na uzito: maghala mengi yalikuwa machafu, mapipa mengine yalikuwa yameoza, na kijiji kilikuwa maskini. Usafi waliouleta, na udhibiti wa joto wakati wa kuchachusha, hata wahafidhina waliuchukua. Lakini mbao mpya zilifanya sauti za miteremko zifanane mno. Ukilipia jina la shamba ukapewa harufu ya seremala, umepunjwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanamapokeo wenyewe. Bartolo Mascarello, aliyefariki mwaka 2005 na ambaye hakuna aliyemzidi kwa kuyapinga mapipa madogo, alikataa pia mvinyo wa shamba moja. Alichanganya Cannubi, San Lorenzo na Rué za Barolo pamoja na Rocche dell'Annunziata ya La Morra, na binti yake Maria Teresa ameendelea hivyo hivyo. Chupa za kwanza maarufu zenye jina la shamba zilitokana na mavuno ya mwaka 1961, Bussia ya ghala la Prunotto na Rocche ya ghala la Vietti. Basi kuita shamba moja mapokeo ya kale ni kuongeza chumvi. Nakubali. Lakini kuchanganya kwenyewe ni ushahidi: hakuna anayekusanya mashamba manne kwa uangalifu kama anaamini yote ni mamoja. Kabla ya chupa hizo za shamba moja, wakulima wengi wadogo waliwauzia wafanyabiashara zabibu, na wanunuzi walijua vizuri mteremko upi unastahili bei. Familia zilipoanza kujaza chupa zao wenyewe, nyingi zilikuwa na vipande vidogo tu, na jina la kipande likawa ndilo jina la kutambulika.

Serikali ilifuata baadaye. Mwaka 2010 orodha rasmi ya Barolo ilipitishwa ikiwa na majina 181, 170 ya mashamba na 11 ya vijiji. Ni kazi ya maana, ila angalia mipaka yake. Bussia ina karibu hekta 300, miteremko yake ikitazama pande nyingi. Jina kubwa hivyo linasema machache. Cannubi ililetewa kesi, na mwaka 2013 Baraza la Taifa, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, likaruhusu sehemu nne za jirani nazo ziitwe Cannubi. Familia ya Rinaldi, iliyokuwa ikiandika Brunate na Le Coste kwenye lebo moja, ililazimika kupanga upya mvinyo wake kwa sababu kanuni hairuhusu majina mawili. Ramani inaonyesha zabibu zilitoka wapi; haiwezi kuonyesha zilitendewa nini.

Je, ni lazima kazi hiyo ifanywe na familia? Si lazima. Vietti iliuzwa mwaka 2016 kwa familia ya Krause ya Iowa, Marekani, na mvinyo wake haukuharibika kwa sababu hiyo. Hofu yangu ni fedha. Hekta moja ya mteremko mashuhuri inauzwa kwa zaidi ya euro milioni moja, na sheria ya urithi ya Italia haimruhusu mzazi kuwanyima watoto fungu lao. Ndugu mmoja akitaka kuondoka, wenzake humlipa au huuza shamba, na aliyenunua kwa mkopo ana kila sababu ya kupenda mvinyo unaopendeza mapema. Subira ya miezi 38 na zaidi huwa nyepesi kwa asiye na deni la ardhi.

Mnunuzi hahitaji kumwamini mtu yeyote kwa maneno. Achukue chupa mbili za familia moja na za mwaka mmoja, kutoka mashamba mawili, tuseme moja ya La Morra na nyingine ya Serralunga, azifungue pamoja na kuzionja kwa muda wa saa kadhaa. Zikilingana kwa harufu na kwa ukakasi, bei ya jina haikuwa na msingi, hata kama kila herufi ya lebo inafuata sheria.