Usimamizi Endelevu wa Mazingira Katika Vyuo Vikuu vya Kenya: Elimu Inayohitaji Lugha ya Wenyeji

Utangulizi

Taaluma ya mazingira si ngeni tena katika vyuo vikuu vyetu. Vyuo Vikuu vya Moi, Kenyatta na Egerton vimekuwa vikiifundisha kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina taasisi iliyopewa jina la Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Shirika la Green Belt mwaka 1977 na akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Kila mwaka vijana wengi huhitimu wakiwa na shahada za usimamizi wa mazingira, na wengi wao hutumwa mashambani, misituni na ufuoni kwenda kufanya kazi na wananchi.

Mhitimu huyo hujua kupima uchafu wa maji ya mto, kusoma picha za setilaiti na kuandika ripoti ya kurasa mia kadhaa. Hata hivyo, ujuzi wote huo humfikia kwa Kiingereza, na mara nyingi hutoka kwake kwa Kiingereza hichohicho. Makala haya yanadhamiria kueleza mambo ambayo mwanafunzi wa taaluma hii husoma, na kuonyesha kwamba lugha si pambo la kazi yake bali ni sehemu ya kazi yenyewe. Mazingira husimamiwa na wakazi wake kabla hayajasimamiwa na mtaalamu. Iwapo mkazi na mtaalamu hawaelewani, usimamizi huo hauwezi kudumu.

Dhana ya usimamizi endelevu

Ni vyema tuanze na maneno yenyewe. Mazingira yametokana na kitenzi zingira: ni yale yote yanayomzunguka kiumbe na kumkumbatia, apende asipende. Usimamizi umetokana na simamia, ambayo ni kauli ya kutendea ya simama. Msimamizi basi ni mtu aliyesimama kwa ajili ya jambo fulani. Endelevu nayo imeundwa kutokana na endelea kwa kiambishi -vu, sawa na vile tulia inavyozaa tulivu na vumilia ikazaa vumilivu. Kiambishi hiki hakitaji tendo la mara moja, bali tabia iliyokita. Hatumwiti mtu mvumilivu kwa sababu alivumilia jana tu. Vivyo hivyo, matumizi ya msitu hayawi endelevu kwa kuwa msitu bado upo leo, bali kwa kuwa namna ya kuutumia inauwezesha kuwapo daima.

Maana hii inakaribiana sana na ile iliyoenea duniani baada ya mwaka 1987, pale Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, chini ya uenyekiti wa Gro Harlem Brundtland, ilipotoa ripoti yake. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, maendeleo endelevu ni yale yanayotosheleza mahitaji ya kizazi cha sasa bila ya kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kujitosheleza. Wahenga wetu walilifupisha jambo hilo waliposema kuwa mchuma janga hula na wa kwao.

Mambo yanayosomwa

Kwa jumla, masomo ya taaluma hii yamejengwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni sayansi: ekolojia, udongo, maji, hali ya hewa na takwimu. Hapa mwanafunzi hufunzwa kanuni iliyo rahisi kutamka na ngumu kutekeleza, nayo ni kwamba mavuno yasizidi ukuaji. Nguzo ya pili ni sheria na uchumi. Humo hujifunza kuwa mchafuzi ndiye alipaye gharama ya uchafuzi wake, na kwamba penye hatari ya madhara makubwa, upungufu wa ushahidi kamili wa kisayansi usiwe kisingizio cha kutochukua hatua. Nguzo ya tatu ni jamii, yaani namna watu wanavyoumiliki, wanavyoutumia na wanavyougombania utajiri wa mazingira yao.

Nguzo hii ya tatu ndiyo aghalabu hupewa saa chache zaidi darasani, ilhali sheria yenyewe imeipa uzito mkubwa. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 imeorodhesha misingi ya maendeleo endelevu, na miongoni mwayo mna ushirikishwaji wa umma pamoja na kanuni za kitamaduni na kijamii ambazo jamii yoyote ya Kenya imezitumia tangu jadi kusimamia mazingira yake. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 69, inailazimu Serikali kulinda maarifa ya kiasili ya jamii kuhusu viumbe na mimea. Je, kanuni na maarifa hayo yamehifadhiwa wapi kama si katika lugha? Yamo katika majina ya miti, methali, miiko, nyimbo za kazi na simulizi. Anayetaka kuyafikia hana budi kupitia mlango huo.

Mikoko: mfano kutoka Pwani

Mfano mwafaka ni wa misitu ya mikoko. Mgeni huona matope na miti ya rangi moja, lakini mwenyeji wa Lamu au Kwale huona mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa na mkomafi, na kila mti ana mahali pake na kazi yake. Mlilana huota mbele kabisa, upande wa bahari, na hutoa mataruma ya vyombo. Mkandaa hupatikana upande wa nchi kavu zaidi, na gome lake lilitumika kutia ngozi rangi.

Miti ya kujengea nayo ina madaraja yake kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Madaraja haya hayakubuniwa chuoni. Ni lugha ya wakataji, wajenzi na wafanyabiashara waliosafirisha boriti kwa majahazi hadi Uarabuni. Watafiti wa misitu walipotaka kukadiria ni miti mingapi inayoweza kuvunwa bila kuumaliza msitu, waliyachukua madaraja hayo kama yalivyo. Leo hii yamo katika majarida ya kisayansi yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo, madai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba taaluma ya mazingira hayana mashiko. Katika uwanja huu sayansi ndiyo iliyokuja kukopa.

Zaidi ya hayo, msamiati huo umebeba kipimo. Vyumba vya nyumba za kale za mawe mjini Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mti uliweka mpaka, na fundi akauheshimu.

Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, maarifa ya wenyeji na ya watafiti yamekutana. Tangu mwaka 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na wataalamu wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, wamekuwa wakiendesha mradi wa Mikoko Pamoja katika hekta 117 za mikoko. Miti hiyo huvuta kaboni kutoka hewani na kuihifadhi mwilini mwake na katika matope ya chini. Kiasi kilichohifadhiwa hupimwa na kuandikiwa hati, nazo hati huuzwa kwa watu na mashirika yanayotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa. Mapato yamesaidia shughuli za maji na za shule vijijini. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jina lake lenyewe ni la Kiswahili, nalo neno la pili katika jina hilo lina uzito sawa na la kwanza.

Sheria na sauti ya mwananchi

Kabla ya mradi mkubwa kuanzishwa nchini, sheria hudai tathmini ya athari zake kwa mazingira. Tathmini hiyo hufanywa na wataalamu waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, na wengi wao ni wahitimu wa kozi tunazozizungumzia. Kanuni za mwaka 2003 ziliagiza kwamba mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, kwamba pafanywe angalau mikutano mitatu na wale watakaoathirika, na kwamba ateuliwe mratibu wa kupokea maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Hivyo basi, tafsiri ilitajwa katika kanuni zenyewe, wala haikuachwa kwa hisani ya mtaalamu.

Uzito wa agizo hilo ulidhihirika Lamu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya kujengwa kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa takribani megawati 1,050, karibu na mji ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wakazi walikwenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mashauri ya Mazingira, na mnamo Juni 2019 Jopo likaifuta leseni hiyo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya awali ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na utafiti ulipokamilika hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuujadili. Jopo liliufananisha ushirikishwaji wa umma na oksijeni inayoipa ripoti uhai. Bila hiyo, ripoti huzaliwa mfu hata iwe nene kiasi gani.

Hukumu hiyo ilihusu utaratibu kwa upana wake, si lugha peke yake. Walakini, inatulazimu kujiuliza: mvuvi hushirikishwaje katika ripoti asiyoweza kuisoma? Methali yasema asiyekuwapo na lake halipo. Tunaweza kuongeza kwamba mtu huweza kuwapo mkutanoni, akatia sahihi katika orodha ya waliohudhuria, na bado lake lisiwepo.

Ugumu wa kutafsiri

Isidhaniwe kuwa tiba ni kubadilisha neno moja kwa jingine. Tutazame mifano miwili. Neno hifadhi ni zuri. Ndilo tulitumialo kwa kutunza jambo moyoni, kama vile kuhifadhi Kurani. Lakini pia ndilo jina la eneo lililotengwa na serikali. Mfugaji aliyewahi kufukuzwa katika eneo kama hilo, anapoambiwa kuwa msitu wao "utahifadhiwa", huenda akasikia habari za ua na askari.

Mfano wa pili ni biashara ya kaboni, ambayo baadhi ya wasemaji huieleza kwa mkato kuwa ni kuuza hewa. Katika Kiswahili cha Kenya ya leo, wafanyakazi hewa ni wale wanaolipwa mishahara ilhali hawapo, na miradi hewa ni ile iliyokula fedha bila kujengwa. Anayewaambia wanakijiji kwamba watalipwa kwa kuuza hewa amewaeleza, pasipo kukusudia, kwamba anawaletea ulaghai. Wakimkataa, kosa si lao. Wakimkubali bila kuelewa, hali ni mbaya zaidi, kwa maana watakuwa wamefungwa na mkataba wa miaka mingi juu ya ardhi yao.

Mifano hii inaonyesha kuwa kazi hii yahitaji mtu anayejua semantiki na pragmatiki, na papo hapo akaelewa sayansi inayozungumziwa. Mtu huyo ni nadra, kwa kuwa vitivo vyetu havikutani.

Mapendekezo na hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za mazingira na za Kiswahili zibuni kozi ya pamoja ya mawasiliano ya mazingira, na mwanafunzi wa mazingira atakiwe kuueleza utafiti wake kwa Kiswahili mbele ya wakazi wa mahali alikoufanyia. Pili, kila ripoti ya tathmini iambatanishwe na muhtasari wa Kiswahili fasaha, utolewe mapema kabla ya mkutano. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, hivyo hili si ombi la upendeleo. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikusanye msamiati wa mazingira kutoka kwa wavuvi, wafugaji, warina asali na mafundi, kabla ya kukimbilia kuunda istilahi mpya mezani. Pale ambapo wenyeji wana lugha yao ya kwanza, msamiati wa lugha hiyo nao uandikwe.

Sisi tunaosoma fasihi tumezoea kuulizwa taaluma yetu ina faida gani kwa taifa. Jibu moja lipo katika mikutano hiyo ya vijijini, ambamo hatima ya msitu, mto au ufuo huamuliwa kwa saa chache. Anayefasiri hapo vibaya hupoteza haki ya watu. Anayefasiri vyema huwapa nafasi ya kukubali au kukataa wakijua wanachokikubali na wanachokikataa. Usimamizi ulio endelevu huanzia hapo.