Narnia na Mahubiri Yaliyoachwa Nje

Riwaya za fantasia za Kikristo kwa vijana zina taabu ambayo riwaya nyingine hazina: msomaji anajua mwisho kabla hajafungua jalada. Wema utashinda, aliyejitoa kwa ajili ya wengine atafufuka, msaliti akitubu atasamehewa. Mchungaji ameshayasema hayo Jumapili, tena bila kiingilio. Mwandishi anayetaka kumshika kijana wa miaka 13 kwa kurasa 300 hana budi kumpa kitu ambacho mimbari haina. Wengi humpa joka na upanga, kisha huendelea na mahubiri yaleyale.

Mfululizo ambao mingine yote hupimwa nao ni The Chronicles of Narnia wa C. S. Lewis, vitabu saba vilivyotoka kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956. Husifiwa kwa simba wake, Aslan, ambaye hufa na kufufuka, na kila mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kukuambia simba huyo anamwakilisha nani. Lakini alama ni jambo rahisi. Mtu yeyote anaweza kumfufua mnyama katika sura ya kumi na tano. Hoja ya makala haya ni kwamba Narnia ina nguvu pale mwandishi wake anaponyamaza, na hupwaya pale anaponyoosha kidole.

Lewis alizaliwa Belfast mwaka 1898, akafundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Magdalen, Oxford, na kwa miaka mingi hakuamini kuwa Mungu yupo. Alikubali kwamba Mungu yupo mwaka 1929. Kristo alimchukua muda zaidi: Septemba 1931 alikesha akizungumza na rafiki zake J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson, na siku chache baadaye akaufikia uamuzi akiwa safarini kwenda kutazama wanyama Whipsnade, ameketi katika kigari cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake. Wengine huongoka madhabahuni, machozi yakiwatoka. Yeye aliongoka akielekea kwa simba.

Mwaka 1956 alieleza kwamba Narnia haikuanza na fundisho. Ilianza na picha: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, amebeba mwavuli na vifurushi katika msitu wenye theluji. Picha hiyo ilikuwa imemkaa kichwani tangu akiwa na miaka 16. Alieleza pia kwa nini hadithi ya namna hiyo ilimfaa. Utotoni alikuwa ameambiwa mara nyingi jinsi anavyopaswa kuguswa na mateso ya Kristo, na amri ile ya kuguswa ndiyo iliyomfanya asiguswe. Akaona kwamba mambo yaleyale yakihamishiwa nchi ya kubuni, mbali na vioo vya rangi vya kanisani na sauti ya mwalimu wa Jumapili, huenda yakamfikia mtu kabla hajajikinga.

Ndiyo sababu alikataa Narnia isiitwe istiara. Katika istiara kila kitu ni vazi la kitu kingine. John Bunyan alifanya hivyo katika The Pilgrim's Progress mwaka 1678, kitabu ambacho wamisionari na waumini wao walikitafsiri katika lugha zipatazo 80 za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Kwake mhusika hubeba tabia yake katika jina. Shaaban Robert naye alipoandika Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, aliwaita ndugu hao Hasidi na Mwivu, na hakuna msomaji anayekesha akijiuliza ni nani atamgeuka nani. Lewis aliuliza swali la namna nyingine: tuseme ipo nchi kama Narnia, na Mwana wa Mungu akaamua kuiendea kama alivyoijia dunia yetu, mambo yangekuwaje? Kwa swali hilo, Aslan hamwakilishi mtu. Ni yeye mwenyewe, katika nchi nyingine, na mwandishi anapaswa kusubiri aone atafanya nini.

Mtoto anayeubeba uzito wa kitabu cha kwanza si shujaa. Ni Edmund, wa tatu kati ya ndugu wanne waliohamishwa London kwa sababu ya mabomu. Anawauza ndugu zake kwa Mchawi Mweupe, malkia wa baridi wa Narnia, kwa ahadi ya ufalme na kisanduku cha haluwa ya Kituruki, binamu wa mbali wa haluwa ya Zanzibar asiyejua iliki. Kwa msomaji wa leo bei hiyo inachekesha. Kwa watoto wa Uingereza wa mwaka 1950 haikuchekesha hata kidogo: peremende zilikuwa bado zinagawiwa kwa kadi, na mpango huo haukukoma hadi Februari 1953. Lewis hakuchagua dhambi kubwa ya watu wazima. Alichagua dhambi ambayo kila msomaji wake angeweza kuitenda jioni ileile.

Kisha inakuja sheria ya zamani ya nchi hiyo: kila msaliti ni mali ya Mchawi, na damu yake ni haki yake. Aslan haitangui sheria hiyo wala haipuuzi. Analala mwenyewe, badala ya Edmund, juu ya Meza ya Jiwe, ananyolewa manyoya na kuchekwa kabla ya kuchinjwa. Yote haya yanasimuliwa bila haraka, dada zake Edmund, Susan na Lucy, wakitazama kutoka vichakani.

Lakini sehemu mbili zilizo bora kuliko hiyo husomwa upesi na kusahauliwa. Ya kwanza ni pale Edmund anaporudishwa kutoka kwa Mchawi. Asubuhi ndugu zake wanamwona akitembea na Aslan kwenye umande, wawili tu, wakizungumza. Hapo ndipo mhubiri yeyote angefungua Biblia. Lewis anatuambia kwamba hakuna aliyesikia maneno hayo, na anapita. Ya pili ni baada ya vita. Lucy anamnong'oneza Susan kama Edmund anajua Aslan alimfanyia nini. Susan anaona ni heri asijue, maana ni mzigo mzito mno. Lucy anaona anastahili kujua. Kabla hawajaafikiana wanakatizwa, na swali linabaki palepale. Mwandishi mwenye wasiwasi na wasomaji wake angemwita Edmund, akamweleza yote, akampa kurasa mbili za kulia. Lewis anamwacha kijana asamehewe bila kufanywa kielelezo mbele ya darasa.

Ndivyo ilivyo pia kwa Eustace, katika kitabu kilichotoka 1952. Ni mvulana msumbufu anayelala juu ya hazina ya joka akiwa na mawazo ya joka, akaamka joka. Anajaribu kujichuna, gamba la kwanza, la pili, la tatu, na kila mara chini yake pana jingine. Mwisho simba anamchuna kwa kucha zake, kwa kina kinachoumiza, kisha anamtupa majini. Neno ubatizo halitajwi. Na Lewis anaongeza kwa ukavu wake kwamba baada ya hapo Eustace hakuwa malaika. Alikuwa na siku zake mbaya, ila ameanza kupona. Shuhuda nyingi za mikutano ya injili zingenufaika na sentensi ya namna hiyo.

Sasa upande wa pili. Katika The Last Battle, kitabu cha mwisho, tunaambiwa kwa mistari michache kwamba Susan si rafiki wa Narnia tena: siku hizi anajali soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko. Ndivyo anavyotajwa, na hayupo kujitetea. Wakati huohuo ndugu zake wote na wazazi wake wamekufa katika ajali ya treni huko Uingereza, na yeye peke yake amebaki na maiti za kuzika. Philip Pullman aliushambulia ukurasa huo katika makala yake kali ya 1998, na Neil Gaiman aliuandikia hadithi fupi mwaka 2004. Lewis mwenyewe alimwandikia msomaji mmoja mdogo kwamba Susan bado yu hai na ana muda wa kurekebika. Jibu zuri, lakini liko kwenye barua, na vitabu havisomwi pamoja na barua. Edmund aliyewauza ndugu zake alipewa mazungumzo ya faragha. Susan aliyejipaka midomo alisemwa hadharani.

Kidole hichohicho kinaelekezwa kusini, ng'ambo ya jangwa, kwa watu wa Calormen: weusi wa ngozi, wakatili, wenye mungu anayekula watu. Msomaji wa Lamu au Muscat atavitambua vilemba na panga zilizopinda kabla hajaambiwa kuwa ni vya adui. Haki inadai tuseme pia kwamba Aravis, msichana wa Calormen katika kitabu cha 1954, ni miongoni mwa wahusika hodari wa mfululizo mzima, na kwamba Emeth, askari kijana aliyemtumikia mungu wa Calormen kwa moyo safi maisha yake yote, anapokewa na Aslan kama aliyekuwa akimtumikia yeye. Wapo Wakristo ambao hawajamsamehe Lewis kwa huyo Emeth. Inaelekea walikuwa radhi na vilemba.

Walinzi wa lango la imani, kusema kweli, hawajawahi kuwa hodari wa kutambua mgeni. Madeleine L'Engle, Mwanglikana wa Marekani, alichapisha A Wrinkle in Time mwaka 1962 baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini; mwaka uliofuata kitabu kikapata nishani ya Newbery. Ndani yake msichana anamshinda yule anayetawala akili za watu kwa silaha moja tu, upendo wake kwa mdogo wake. Vikundi vya Kikristo vilitaka kiondolewe maktabani, kwa kuwa Yesu alitajwa katika orodha moja na Buddha na wasanii. Filamu ya 2018 ilimaliza ugomvi kwa kuuondoa Ukristo wote. Na Desemba 2001, huko Alamogordo, New Mexico, kanisa moja lilichoma vitabu vya Harry Potter. Kitabu cha mwisho cha mfululizo huo kilipotoka 2007, kilikuwa na mistari miwili ya Agano Jipya juu ya makaburi na kijana anayekwenda kufa kwa hiari ili wengine wapone. Majivu yalikuwa yamepoa.

Soko lilielewa somo kwa namna yake. Kama wazazi wanaogopa, wauzie usalama: vitabu visivyo na tusi, busu wala shaka. Left Behind: The Kids, toleo la vijana la riwaya za siku za mwisho za Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins, lilifika vitabu 40 kati ya 1998 na 2004. Wengine watasema hiyo si fantasia. Waandishi wake wangekubali. Wao waliona ni ratiba.

Wapo waliojifunza somo lenyewe. Andrew Peterson, mwanamuziki wa Nashville, aliandika vitabu vinne vya The Wingfeather Saga kati ya 2008 na 2014. Katika ufalme wake wa Anniera mzaliwa wa kwanza hatawali. Kazi yake ni kumlinda mdogo wake atakayekuwa mfalme. Janner, mwenye miaka 12, anaipokea kazi hiyo kwa kinyongo. Kinyongo hicho kinapimwa mdogo wake Kalmar anapokata tamaa mikononi mwa adui na kugeuzwa mbwamwitu. Kitabu cha tatu kizima ni Janner akiishi na ndugu ambaye anamwonea aibu na ambaye mji mzima unamwogopa. Peterson ana Muumba katika ulimwengu wake na hamfichi, lakini mafundisho yake yamo katika shida ya kutembea barabarani na ndugu mwenye manyoya.

Kwa anayetaka kuandika mfululizo wa namna hii kwa Kiswahili, hapa ndipo somo linapokuwa zito. Kwa Lewis mchawi ni malkia wa baridi kwenye kigari cha theluji. Kwetu ni kifungu cha sheria: sheria ya uchawi ya Kenya ni ya 1925, na ya Tanganyika ni ya 1928. Usukumani vikongwe wameuawa kwa panga kwa kutuhumiwa uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni hutosha kuyaleta. Kuandikia vijana wa huko hadithi ya Kikristo ambamo shujaa anamtambua mchawi na kumwangamiza ni kukariri jambo ambalo kijiji kimeshalitenda, safari hii kwa baraka za mchapishaji.

Kinachoweza kuhama kutoka Narnia hadi kwetu bila kumdhuru mtu, basi, si yule Mchawi. Ni Edmund. Ubaya unakaa mezani pamoja na watoto wengine, unapenda sukari, unaona wivu kwa kaka mkubwa, na unarudishwa nyumbani kwa gharama ambayo hautangaziwi. Mwandishi atakayeanzia hapo hatahitaji kumweleza kijana wa miaka 13 maana ya hadithi. Atahitaji mhariri jasiri wa kukata kurasa ambazo yeye mwenyewe alizipenda zaidi, zile zenye mafundisho.