Baridi Mbili Katika Kipande Kimoja cha Chokoleti

Kila Desemba maduka ya Marekani hujaa bamba jembamba la chokoleti lenye tabaka mbili, jeusi chini na jeupe juu, lililonyunyiziwa pipi ngumu za mnanaa zilizopondwa, zile zenye mistari myekundu na myeupe. Wenyewe huliita gome la pepaminti, kwa sababu huvunjwa kwa mkono vipande visivyolingana, kama gome lililobanduliwa mtini. Kampuni ya vyombo vya jikoni ya Williams-Sonoma ilianza kuliuza mwaka 1998, na siku hizi ni zawadi ya Krismasi ambayo familia nyingi hujitengenezea, zikaifunga kwenye kopo na kuwapelekea majirani, walimu na wafanyakazi wenzao. Maelekezo yake ni mafupi kiasi cha kumhadaa msomaji: yeyusha chokoleti, mimina, nyunyiza pipi, gandisha, vunja. Wengi huyafuata kwa uaminifu, kisha wanajikuta na kitu kilicholegea, chenye madoa ya kijivu, kinachoyeyukia vidoleni kabla ya kufika mdomoni. Kosa halikuwa kwenye hatua hizo. Raha yote ya peremende hii imo katika mafuta ya kakao na jinsi yanavyoyeyuka, na anayeyaelewa mafuta hayo hahitaji ufundi mwingine mkubwa. Mistari, rangi na kopo la zawadi ni mapambo tu.

Tuanze na mnanaa. Pepaminti ni chotara wa mnanaa wa majini na mnanaa wa kawaida wa bustanini, na mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliupa jina la kisayansi mwaka 1753 kutokana na sampuli zilizotoka Uingereza. Kwa kuwa ni chotara, hautegemewi kuzaa mbegu; wakulima huueneza kwa kupandikiza vipande vya mashina yake yanayotambaa. Thamani yake imo katika mentoli, kemikali iliyojaa kwenye mafuta ya majani yake. Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la David Julius na jingine la Ardem Patapoutian, kila moja kivyake, yalitumia mentoli kukitambua kipokezi cha baridi kilichomo kwenye neva zetu, kinachoitwa TRPM8. Mwaka 2021 wanasayansi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa uvumbuzi wao kuhusu hisia za joto na mguso. Kwa kawaida kipokezi hicho huamka ngozi inapopoa, lakini mentoli hukiamsha hata kama hakuna kilichopoa. Ndiyo maana mtu aliyemung'unya pipi ya mnanaa huyaona maji ya kawaida kuwa baridi kama ya mtungini. Joto la ulimi ni lile lile, ila ubongo umeletewa habari ya baridi.

Chokoleti nayo huleta baridi, na yake ni ya kweli. Siagi ya kakao, yaani mafuta yaliyomo kwenye mbegu za kakao, ni ngumu kwenye chumba chenye ubaridi, na ikifika nyuzi 33 au 34 za Selsiasi huyeyuka karibu yote kwa mpigo. Hilo ni joto la chini kidogo tu kuliko la kinywa. Kitu kigumu hakiyeyuki bure. Lazima kichukue joto mahali fulani, na hapa kinalichukua kwenye ulimi. Siagi ya maziwa huyeyuka kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo ubaridi wake hausikiki sana, lakini ya kakao huachia ghafla, na ulimi ukapoa kwa sekunde chache. Kwa hiyo kipande kimoja kinapoyeyuka, baridi ya kweli ya mafuta hukutana na baridi ya habari ya mentoli, katikati ya uchungu wa kakao na utamu wa sukari. Wafanyabiashara walilijua hili kwa ulimi kabla wanasayansi hawajalieleza. Pipi ya York Peppermint Pattie ilianza kutengenezwa katika mji wa York, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1940, na After Eight ikatolewa mwaka 1962 na kampuni ya Rowntree ya York nyingine, ile ya Uingereza. Zote mbili ni mnanaa uliovikwa chokoleti nyeusi.

Ugumu wa kazi unatokana na tabia ya siagi ya kakao wakati wa kuganda. Molekuli zake zinaweza kujipanga katika fuwele za aina sita, na zile za aina ya kwanza hadi ya nne ni legevu, huyeyuka kwenye nyuzi 28 au chini ya hapo. Aina ya tano ndiyo inayotakiwa: hung'aa, hulia ta! ikivunjwa, na husubiri joto la kinywa ndipo iachie. Chokoleti ya dukani huwa imekwisha kupangwa hivyo kiwandani. Ukiiyeyusha, umeubomoa mpangilio huo, na ukiiacha igande yenyewe itashika fuwele za kila aina zikiwa zimechanganyika, ndipo ulegevu na madoa ya kijivu vinapotokea. Madoa hayo hayana madhara kwa mlaji, lakini ni ushahidi kwamba mafuta yamejipanga vibaya, na kipande chenye madoa hakiwezi kupoza ulimi kama kinavyopaswa.

Dawa yake inafanana na kugandisha maziwa. Anayegandisha maziwa huchanganya kijiko cha maziwa mgando ya jana kwenye maziwa mapya, na yale ya zamani huyafundisha mapya. Chokoleti hufundishwa vivyo hivyo. Chukua gramu 400 za chokoleti nyeusi, ikatekate, kisha weka kando kiasi cha gramu 130. Zilizobaki ziyeyushe kwenye bakuli kavu lililoketi juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke bila kutokota, huku ukikoroga, hadi zifike nyuzi 45 hivi. Ondoa bakuli, lifute maji chini, kisha tia zile gramu 130 kidogo kidogo ukiendelea kukoroga. Vipande hivyo vigumu bado vina fuwele za aina ya tano. Vinapoyeyuka taratibu hupoza mchanganyiko na kuueneza mpangilio wao ndani yake. Chokoleti nyeusi ikifika nyuzi 31 au 32 iko tayari. Kipimajoto cha jikoni hurahisisha kazi, ila asiyekuwa nacho anaweza kugusisha tone chini ya mdomo: likihisiwa baridi kidogo, limefika. Halafu chovya ncha ya kisu, kiache kando. Kwenye chumba cha nyuzi 20 chokoleti iliyopangika hushika na kung'aa katika dakika tano hivi. Ikibaki na umajimaji, ongeza vipande vichache vya chokoleti ngumu na ukoroge tena. Haraka ndiyo inayoharibu kazi hapa, kwa hiyo dakika 20 za kukoroga zichukuliwe kuwa ndizo upishi wenyewe.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Tandaza chokoleti nyeusi kwenye karatasi ya kuokea, unene wa milimita tatu au nne. Isubiri ishike bila kukauka kabisa, kisha mwagia tabaka la chokoleti nyeupe, gramu 300 hivi, iliyopangwa kwa njia ile ile ila kwa joto la chini zaidi, nyuzi 28 au 29. Tabaka la chini likiachwa mpaka likauke kabisa, mawili hayo hayatashikana, na bamba litaachana siku ya kuvunjwa. Pipi zilizopondwa kwa mchi ndani ya mfuko, gramu 100 hivi, hunyunyizwa juu kabla tabaka jeupe halijashika.

Mnanaa wenyewe una sharti moja: uingie bila maji. Chokoleti ni sukari na unga wa kakao vilivyozama kwenye mafuta, na hata maji kidogo tu huifanya sukari ishikamane, bakuli zima likageuka donge gumu lisilomiminika. Kwa sababu hiyo arki ya mnanaa inayouzwa kwa ajili ya keki, ambayo huwa na pombe na maji, inaweza kuharibu kazi iliyokuwa ikienda vizuri. Kinachofaa ni mafuta safi ya pepaminti yaliyoandikwa kwamba ni ya chakula. Yale ya kuchulia mwili yasiingie jikoni. Ni makali: matone manne au matano yanatosha kuanzia kwa gramu 400, kisha mtu aonje. Chupa yake ikae mbali na watoto, na mafuta hayo yasisogezwe puani mwa mtoto mchanga, kwani mentoli inaweza kumbana pumzi. Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie majani mabichi ya mnanaa ule tunaotia kwenye chai. Mnanaa huo mara nyingi ni wa aina nyingine, ambao harufu yake hutokana na kemikali iitwayo kavoni, na mentoli yake ni kidogo. Unanukia vizuri lakini haupozi, na zaidi ya hayo majani yake yamejaa maji. Ubaki kwenye chai, ambako hauna mpinzani.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni joto. Vitabu vya Kimarekani huagiza peremende igande kwenye joto la chumba, na chumba wanachokizungumzia ni cha nyumba ya majira ya baridi, nyuzi 20 au pungufu. Desemba Mombasa na Dar es Salaam mchana hufikia nyuzi 31 au 32, kwa hiyo chokoleti iliyopangwa vizuri kabisa hukaa ukingoni mwa kuyeyuka. Pingamizi hili ni la kweli, ila linadai mpango tofauti, halizuii kazi. Pwani kazi hii ni ya alfajiri au usiku, na bamba huingia kwenye friji mara tu baada ya kumiminwa. Adui anayesahaulika ni unyevu. Chokoleti ikitolewa kwenye friji na kuwekwa wazi, hewa ya pwani huitoa jasho, maji hayo huyeyusha sukari ya juu, na yakikauka huacha ukungu mweupe unaokwaruza ulimi. Kwa hiyo ifungwe vizuri kwenye chombo ikiwa ndani ya friji, na chombo kisifunguliwe mpaka kilichomo kipoteze ubaridi wake mkali. Pipi zilizopondwa nazo hunyonya unyevu na kunata. Mpishi wa pwani atafanya vyema kuzichanganya ndani ya chokoleti, mafuta yazifunike, kuliko kuziacha juu. Urembo utapungua kidogo, lakini zitabaki na mlio wake. Mbeya, Arusha, Nairobi au Bukavu shida hii ni ndogo zaidi.

Wengine watasema hiki ni kitamu cha kigeni kisichotuhusu. Lakini neno peremende, ambalo leo tunalitumia kwa pipi yoyote, limetokana na jina la Kiingereza la pipi ya mnanaa. Ladha hii ilifika kwetu zamani kiasi cha kulipa lugha jina la jumla la vitu vitamu. Na kakao inalimwa Kyela kandokando ya Ziwa Nyasa, Bundibugyo nchini Uganda, na maeneo ya Beni mashariki mwa Kongo, sehemu kubwa ikisafirishwa nje ikiwa mbegu kavu. Mtu wa Kyela ana haki kamili ya kuijua siagi iliyomo ndani ya mbegu anayoianika uani kwake.

Limebaki pingamizi la bei, ambalo wengi hulitatua kwa kununua vibonge vya bei nafuu vinavyoyeyushwa na kugandishwa bila hatua yoyote kati ya hizi. Humo siagi ya kakao imebadilishwa na mafuta mengine, mara nyingi ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa ya chikichi. Mafuta hayo hayahitaji kufundishwa, na kwa keki ya watoto yanafaa. Katika peremende hii hayafai, kwa sababu mengi hutengenezwa yastahimili joto, na mafuta yanayostahimili joto la meza hustahimili pia joto la ulimi: huacha utando kama wa nta, na mentoli hubaki peke yake ikitoa habari ya baridi ambayo hakuna mafuta yanayoithibitisha. Kishawishi kiliongezeka bei ya kakao ilipovuka dola 12,000 kwa tani katika soko la New York mwezi Desemba 2024, baada ya miaka mingi ya kuwa kati ya dola 2,000 na 3,000. Sheria za baadhi ya nchi humlinda mnunuzi: Marekani chokoleti nyeupe lazima iwe na angalau asilimia 20 ya siagi ya kakao, na Umoja wa Ulaya hauruhusu mafuta mengine ya mimea yazidi asilimia 5 ya chokoleti. Mfuko ukibana, afadhali kupunguza kiasi. Gramu 200 za chokoleti halisi, zikitandazwa nyembamba, hutoa vipande vya kutosha meza ya watu sita. Basi kabla ya kulipa, geuza pakiti usome orodha ya viungo, na kama siagi ya kakao haimo, irudishe rafuni.