Doo ya Mathe Ipite Wapi?

Msee ako na wera Mbarara, mathe ako Nakivale, makazi ya wakimbizi. Mwisho wa mwezi anauliza mabeshte, "Njia gani noma ya kutuma doo?" Ngori inaanzia hapo. Huyu anaapa ni simu, yule anasema mpe dere wa teksi, mwingine anamshow aipeleke mwenyewe. Kila mtu anatetea yake kama timu ya boli, na msee anarudi keja na maswali yale yale.

Mi nadai wasee hawana makosa. Swali lenyewe liko nusu. Noma kwa nani? Doo ngapi, inatakiwa lini? Jaribu hivi: "Mathe anataka shilingi 200,000 mkononi leo jioni, atakatwa ngapi?" Ubishi unaisha, hesabu inaanza. Anza na kodi: Julai 2018 Uganda iliwekea doo ya simu kodi ya 1%. Wasee wakaingia barabarani Kampala kuipinga, mwanamuziki-mbunge Bobi Wine akiwa mbele, na mwaka huo huo ikashushwa hadi 0.5%, tena kwa pesa inayotolewa tu. Kwa 200,000, kodi ni 1,000, halafu kuna ada ya kutoa. Hiyo haina cha "mi naona", maze. Ipime na nauli ya kwenda na kurudi, ujue.

Kitu wasee wa tao husahau ni mathe mwenyewe. Nakivale inapokea wakimbizi tangu 1958, lakini ni 2019 ndio UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, iliruhusu mkimbizi mwenye barua ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) pekee, bila kitambulisho, asajili laini. Kabla ya hapo wengi walitumia laini ya jina la mtu mwingine. Sasa doo ikiingia kwa laini ya jirani, njia yako noma imemfaa nani?

Kwa dere, hapo nataka maoni, tena mengi. Uaminifu hauna bei ukutani. Lakini usiulize kama dere ni poa. Tafuta mamathe wa New Congo, hapo Nakivale, waliowahi kupokea kupitia kwake: ilifika yote? Siku ile ile? Nani alihesabu?

Na kama umeamua simu, pigia kwanza wakala wa karibu na hao ya mathe. Ako na keshi ya kutosha leo, ama mathe atatembea hadi senta ya Base Camp na jua hili?