Kumtibu Mtoto Angali Tumboni: Tiba ya Jeni na Usalama Wake



Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya jeni kwa wagonjwa wa selimundu, au siko seli kama wengi wetu tuuitavyo. Katika Pwani yetu, ambako nyumba nyingi zinaujua ugonjwa huu kwa vilio vya watoto usiku, habari hiyo imezaa swali la haki: ikiwa jeni yaweza kurekebishwa kwa aliyekwisha kuzaliwa, kwa nini isirekebishwe kwa mtoto angali tumboni, akaepushwa na maumivu tangu mwanzo?

Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli, ambayo kwayo mwili hujua utengeneze nini na kwa kiasi gani. Tiba ya jeni ni kuipelekea seli agizo lililo sahihi, au kulirekebisha lile lenye kasoro. Mchukuzi wa agizo hilo, aghalabu, ni virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuleta maradhi.

Wanaotaka kazi hii ifanywe kabla ya uzazi wana hoja zenye uzito. Mtoto tumboni ni mdogo, hivyo dozi ndogo humtosha. Kinga yake haijakomaa, hivyo haielekei kumpiga vita mchukuzi huyo. Zaidi ya hayo, yako maradhi yasiyongoja uzazi. Alfa-thalasemia iliyo kali kabisa huua aghalabu mtoto angali tumboni. Ugonjwa wa SMA, unaodhoofisha misuli, katika aina yake kali huanza kuziharibu neva mapema mno.

Lakini mizani ina pande mbili. Hatari ya kwanza ni saratani. Huko Paris, kuanzia mwaka 1999, watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili walitibiwa kwa jeni. Wengi walinufaika, hata hivyo, baada ya muda wanne miongoni mwao walipata saratani ya damu, na mmoja akafariki. Jeni iliyopandikizwa ilikuwa imetua mahali pasipofaa, ikaamsha jeni nyingine inayozidisha ukuaji wa seli. Mwaka 2005 watafiti wakaeleza kuwa baadhi ya panya waliotiwa jeni tumboni au punde baada ya kuzaliwa, kwa aina moja ya virusi, walipata uvimbe katika ini. Seli za mtoto tumboni hugawanyika kwa kasi, hivyo kosa dogo leo laweza kuwa kubwa kesho.

Hatari ya pili ni ya mama. Mtoto hafikiwi ila kwa kupitia mwili wake, na kila sindano inayoingia kwenye mfuko wa uzazi ina uwezekano wa kuleta maambukizi, uchungu wa mapema au kuharibika kwa mimba. Tena, kinga ya mama imekomaa. Septemba 1999, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki huko Philadelphia siku nne baada ya kutiwa virusi vya tiba ya jeni, kwa sababu mwili wake uliwapinga wachukuzi hao kwa ukali mno. Virusi vikivuja kwa mama, ndiye atakayekabiliana navyo.

Hatari ya tatu inavuka umri wa mtoto mwenyewe: agizo jipya likizifikia seli zitakazokuwa mayai au mbegu za uzazi, litarithiwa na wajukuu ambao hawakuulizwa. Hapa ndipo sharia inaposimama kwa makini, kwani kuhifadhi kizazi ni miongoni mwa makusudio yake makuu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka, katika kikao chake cha mwaka 1998, liliruhusu uhandisi wa jeni kwa kinga na matibabu, kwa sharti kuwa usilete madhara makubwa zaidi, na likakataza kuchezea maumbile ya mwanadamu.

Kwa sababu hizo, mwaka 1999 kamati iliyoishauri serikali ya Marekani kuhusu utafiti wa jeni ilitamka kuwa wakati wa kuwajaribu watoto walio tumboni haujawadia. Hadi leo, tiba ya jeni kwa mtoto tumboni haijaidhinishwa kuwa matibabu ya kawaida. Tusiichanganye na habari nyingine njema. Mwaka 2021 mtoto mmoja huko Kanada alipewa kimeng'enya kupitia kitovu kabla ya kuzaliwa. Na mwaka 2025 iliripotiwa habari ya mama wa Marekani aliyemeza dawa ya SMA katika majuma ya mwisho ya mimba. Lakini jeni za watoto hao hazikubadilishwa. Dawa ya namna hiyo ikionekana na dhara, yaweza kusitishwa. Jeni iliyokwisha pandikizwa hairudishwi.

Basi selimundu je? Rehema imetangulia: damu ya mtoto mchanga huwa bado na hemoglobini ya tumboni, nayo humkinga kwa miezi ya mwanzo. Kungoja azaliwe hakumpotezei kitu kikubwa, ilhali kuharakisha kunawahatarisha wawili. Casgevy yenyewe hufanyiwa kazi nje ya mwili, juu ya seli zilizotolewa, na iliidhinishwa kwa walio na miaka 12 na zaidi.

Lililo mikononi mwetu si haba. Wachumba wapime damu kabla ya nikaha, hasa wanapooana ndugu kwa ndugu. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa mtoto mgonjwa. Mtoto apimwe mapema, apewe penisilini, chanjo na kinga ya malaria, na daktari aulizwe kuhusu haidroksiurea.

Na mama mjamzito akiahidiwa na yeyote tiba ya jeni ya mtoto wake kwa malipo, aulize: imeidhinishwa na nani? Ni wangapi walioipata, na wako wapi leo? Likitokea la kutokea, nani atanitazama mimi na mwanangu kwa miaka ijayo? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo asipewe tumbo la mama kulifanyia majaribio.

Wallahu a'alam.