Ulimi Mbele ya Maikrofoni

Wapenzi wa redio wana visa vyao, kama mabaharia walivyo na vyao vya dhoruba. Kinachopendwa kushinda vyote ni cha mpiga santuri aliyeropokwa hewani, akapigwa kalamu kabla ya magharibi. Kila anayekihadithia hukitia chumvi, nami simlaumu. Baraza bila chumvi haliliki.

Mfalme wao ni Kenny Everett, kijana wa Liverpool. Ami yangu, aliyekuwa baharia katika meli za Waingereza, ndiye aliyenisimulia habari za Radio London, redio iliyotangaza kutoka melini, nje ya pwani ya Uingereza, bila leseni. Humo ndimo Everett alimofutwa kwanza, mwaka 1965, kwa kukidhihaki kipindi cha wahubiri wa Kimarekani kilicholipiwa fedha. Baadaye akarudishwa. BBC ilipofungua Radio 1 mwaka 1967, naye yumo. Julai 1970 ikasomwa habari kuwa mke wa Waziri wa Uchukuzi, John Peyton, amefaulu mtihani wa udereva. Everett akatia neno: bila shaka bibi alimpenyezea mtahini pauni tano! Wakubwa hawakucheka. Akafutwa. Mwaka 1973 Capital Radio ikafunguliwa London, naye akapewa kiti.

Tangu hapo kufutwa kumekuwa kama nishani, na hapo ndipo ninapokunja uso. Sisi tuliosoma chuoni tunajua uzito wa kumsingizia mtu hongo, hata kwa mzaha. Lakini bibi yule, haidhuru, alikuwa na waziri nyumbani.

Machi 2021, Nairobi, watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walimzungumzia mwanamke aliyejeruhiwa vibaya, aliyesema kuwa alisukumwa kutoka ghorofa ya 12. Wakamlaumu yeye, eti alijirahisisha kwa mwanamume. Huyu hakuwa na waziri. Waliomkasirikia ni wasikilizaji. Kampuni ya bia iliyodhamini ikajitoa, watatu wakafutwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ikatoza faini ya shilingi milioni 1 na kukisimamisha kipindi kwa miezi 6.

Kijana mmoja barazani kwetu alishikilia kuwa hao ndio kina Everett wetu, wameonewa. Nikamwomba aurudie mzaha wao, neno kwa neno, mbele ya mamake aliyekuwa akipita kutoka sokoni.

Akaomba kahawa.